Usianze na fuvu, anza na magego

Udongo mwekundu wa Tabora una asidi, na mvua za Novemba hadi Aprili huupenya kila mwaka zikiyeyusha madini ya mifupa. Mchwa nao hawachezi mbali. Kaburi la kale likifunuliwa huku, mbavu aghalabu zimeshakuwa unga. Meno hudumu, japo wenye kamera wote hukimbilia fuvu.

Usiyaoshe. Maji na brashi ngumu vitabandua ugaga, ule utando mgumu ulioganda kwenye meno, na humo ndimo zilimonasa chembe za wanga wa vyakula alivyotafuna marehemu. Pangusa udongo kwa mswaki laini mkavu, anika kivulini, funga kwenye foili yenye namba. Jino likipigwa na jua hupasuka. Likifungwa kwenye nailoni likiwa na unyevu, huota ukungu. Gundi ndiyo balaa lenyewe: huingiza kaboni ngeni, na kipimo cha kaboni 14, kile cha kujua umri wa mabaki, kinaharibika.

Taji, yaani sehemu ya jino inayotokeza juu ya ufizi, la gego la kwanza huanza kuumbika karibu na kuzaliwa na hukamilika kwenye miaka 3. La gego la mwisho huja baadaye sana, kwenye miaka 8 hadi 14 hivi. Enameli, gamba gumu la nje la taji, ikishaumbika haijengwi upya, kwa hiyo strontiamu (madini ya mwamba yanayoingia mwilini kwa chakula na maji) ya ardhi iliyomlisha mtoto hubaki humo. Strontiamu ya magego hayo mawili ikitofautiana sana, inaelekea alihama utotoni. Graniti ya Tabora ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na miamba ya Kigoma ni mingine kabisa. Ila usiseme "mgeni huyu" kabla hujapima panya na konokono wa hapo kaburini. Bila hao huna cha kulinganisha nacho.

Vijifereji vya mlalo kwenye enameli ni alama ya njaa au maradhi makali ya utotoni. Umbali wake kutoka ncha ya jino hukisia umri alipougua.

Urefu wa marehemu? Tafuta jinsia kwanza, kwenye nyonga. Mfupa wa paja wa sentimita 43, kwa fomula za mwaka 1952 zilizotokana na Wamarekani weusi, hutoa sentimita 158 kwa mwanamke (2.28 × 43 + 59.76) na 161 kwa mwanaume (2.11 × 43 + 70.35). Wanyamwezi au Waha wa kale hawakupimwa na mtu, halafu fomula yenyewe hukosea karibu sentimita 4 huku na huku. Kuna wanaoandika "161.08" bila aibu. Kwa mwanaume huyo, andika 157 hadi 165.