Malimbikizo yangu yaliingizwa mwaka usio wake

Nimefanya kazi shuleni miaka 26, si darasani bali maktaba. Miezi sita kabla ya kustaafu niliuomba mfuko wa pensheni unipe taarifa ya mapato yangu ya mwaka kwa mwaka, na nilipoisoma, mistari mitatu ya mwisho ilininyima usingizi.

Mfuko wetu huchukua wastani wa mapato ya miaka mitatu kamili iliyo bora, huzidisha kwa miaka ya utumishi, kisha kwa asilimia 2. Mifuko haifanani: mingine huangalia miaka mitano, mingine wastani wa utumishi mzima. Ipate kanuni ya mfuko wako kwa maandishi kwanza, maana ndiyo itakayokuonyesha miaka ya kuikagua kwa makini.

Kwangu ilikuwa mitatu ya mwisho. Nilikuwa nimepandishwa daraja, lakini mshahara mpya ukachelewa miaka miwili. Ili hesabu ionekane, tuseme wa zamani ulikuwa 100 kwa mwezi na mpya 120. Kwa miezi 24 nililipwa 100. Mwanzoni mwa mwaka wa tatu nikaanza kupata 120, pamoja na malimbikizo ya 480 kwa mkupuo. Nilishukuru, nikaendelea na kazi.

Kwenye taarifa, miaka miwili ya kwanza ilisomeka 1,200 kila mmoja, na wa tatu 1,920. Sasa, mfuko una ukomo: mapato yakipanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mwaka huo hukupandishwa daraja, ziada haihesabiwi. Ukomo huo unazuia mishahara kupandishwa dakika za mwisho ili pensheni ikue, na naamini ni wa haki. Ila mimi ulinikata pasipostahili. Daraja langu lilikuwa la mwaka wa kwanza, kwa hiyo mwaka wa tatu ulihesabiwa 1,320 tu, chini hata ya mshahara wangu halali bila malimbikizo. Wastani ukawa 1,240 badala ya 1,440.

Miaka yangu 26 ilihesabiwa 25, kwa kuwa miwili nilifanya kazi nusu siku. Hilo lilikuwa sahihi. Basi 25 mara asilimia 2 ni asilimia 50, yaani pensheni ni nusu ya wastani: 620 kwa mwaka badala ya 720. Tofauti ya 100 ni mshahara wangu wa zamani wa mwezi mzima, unaopotea kila mwaka nitakaoishi.

Nilikwenda mfukoni nikiwa na hasira, nikaelezwa kwa upole kwamba wao huhesabu kile mwajiri alichowasilisha. Shule ilikuwa imeandika malimbikizo katika mwezi yalipolipwa, badala ya kuyagawa katika miezi niliyoyafanyia kazi. Marekebisho yalipaswa kutoka shuleni.

Nilikusanya barua ya kupandishwa daraja yenye tarehe ya kuanza, na hati za mshahara za miezi 25. Kisha nikachora jedwali kwa mkono: mwezi, nilicholipwa, nilichostahili, tofauti. Mhasibu aliyekuwapo wakati ule alishahama, na huyu wa sasa hakuwa na sababu ya kuniamini kwa maneno. Alipitisha kidole kwenye safu ya tofauti, akaona 20 mara 24, akasema, "Mama, hii naweza kuituma." Nilitoka pale machozi yakinilengalenga.

Siku hiyo hiyo niliuliza kuhusu posho ya kusimamia bweni jioni, niliyoipokea miaka tisa. Haimo. Ililipwa kwa zamu, nje ya mkataba, na haikukatwa mchango hata mara moja. Mwenzangu anayefundisha muziki, posho yake imehesabiwa, kwa sababu mkataba wake unaitaja kuwa sehemu ya kazi na hulipwa kila mwezi pamoja na mshahara. Jioni zilikuwa zile zile, na mpaka leo jambo hilo linaniuma. Kama unapewa jukumu la ziada sasa hivi, omba liandikwe mkatabani kabla hujaanza. Wala usitulizwe na makato peke yake: mchango uliokatwa kwa malipo yasiyostahili kuhesabiwa kwenye pensheni unaweza kurudishwa, na malipo yale yakaondolewa kwenye hesabu.

Taarifa iliyosahihishwa ilinifikia wiki tatu kabla ya siku yangu ya mwisho kazini. 1,440. 1,440. 1,440.