Umekuja na nani?

Mdogo wangu ameolewa jana, wakaguzi wameondoka ofisini bila hoja hata moja, na mimi wiki nzima sauti ninayoisikia ni ya yule kijana wa maabara.

Ni upimaji ule wa kila mwaka wa ofisi, mnaujua. Jumatatu tulitolewa damu, Jumanne jioni nikapita kuchukua majibu. Kijana akaichukua karatasi yangu, akaisoma kutoka juu mpaka chini, akarudi juu tena, ndipo akaniangalia.

“Mama, umekuja na nani?”

“Nimekuja mwenyewe.”

“Hamna ndugu hapo nje?”

“Hamna.”

“Haya. Daktari ameshatoka. Njoo kesho asubuhi umwone.”

Akanipa karatasi, akaita jina la mwingine.

Tuliokulia miaka ya tisini tunalijua swali hilo. Lilikuwa linatangulia habari mbaya. Kaka yake baba alipoulizwa amekuja na nani, shangazi aliitwa kutoka kwenye benchi la nje, na kilichofuata hapa nimeshakiandika. Sasa mtu ananiuliza mimi, karatasi yangu iko mkononi mwake, halafu anasema haya, njoo kesho. Kesho! Na usiku mzima nikae na nini?

Nilikaa na karatasi. Baba Zuhura yuko safarini, watoto walishalala. Mistari zaidi ya ishirini ilikuwa safi: sukari 5.1, wingi wa damu 12.8, figo hazina neno. Sikuuona hata mmoja. Macho yalikwenda kwenye herufi mbili za L, yaani chini ya kiwango, na moja ya H, yaani juu. Chembe nyeupe 3.1, na pembeni wameandika 4.0 hadi 10.0. Neutrofili, zile chembe nyeupe za kupambana na bakteria, 1.2, wakati kiwango chao kinaanzia 2.0. Na kimeng'enya kimoja cha ini, AST, 44, mwisho wake 40. Kinga imeshuka, ini limepanda. Nikayaunganisha mambo hayo mawili, kila nilivyoyaunganisha yakanipeleka kaburini. Saa tisa usiku nilikuwa nawaza nani atamsomesha Zuhura, na katikati ya mawazo kijana anarudi: hamna ndugu hapo nje?

Asubuhi nikamkuta daktari, binti mdogo tu, akaniamkia shikamoo kabla sijakaa. Hakuanza na karatasi. Aliuliza kama napata homa za mara kwa mara, vidonda mdomoni, majipu, kama nimepungua uzito, natumia dawa gani, na za miti shamba je. Yote hapana. Kipimo cha virusi nilikuwa nimepima mwezi wa sita, sina. Akaniuliza wikiendi nilifanya nini. Nikamwambia nilikuwa Matombo, nalima shamba la Mama, Jumamosi na Jumapili nzima nimeinama na jembe.

“Basi hiyo AST tutairudia ukiwa umepumzika. Haitoki kwenye ini peke yake, hata misuli inaitoa ukiichosha. Ile ya ini hasa, ALT, yako iko vizuri.” Akaitikisia kichwa ile herufi ya H kama mtu anayepita. “Hizi nyeupe. Una majibu ya miaka ya nyuma?”

Nilikuwa nimekuja na faili langu lote. Akatoa karatasi ya 2017: chembe nyeupe 3.3. Ya 2021: 3.0. Akazilaza mezani tatu pamoja na ya juzi.

“Mama, hii ndiyo damu yako. Haijashuka popote. Ilikuwa hapa tangu zamani.”

“Mbona wanasema ianzie nne?”

“Wanachukua watu wazima wenye afya, wanawapima, wanakata ncha mbili, wanabakisha 95 wa katikati katika kila 100. Hao watano waliokatwa nao hawaumwi.”

“Na hao watu walipimwa wapi?”

“Vingi vya viwango hivi vimetoka Ulaya na Marekani.”

Nilinyamaza. Mimi kazi yangu ni hesabu, kwa hiyo hapo hapo kichwa kilishaanza kupiga. Kama kila kipimo kinamwacha nje mtu mzima mmoja katika 20, na mimi nimepimwa vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa vyote kuingia ndani ya mistari ni 0.95 ijizidishe mara ishirini. Inabaki kama 0.36. Yaani mtu mwenye afya kamili ana nafasi kubwa zaidi ya kuondoka na angalau herufi moja kuliko kuondoka bila hata moja! Hili nalitamani liandikwe ukutani pale mapokezi.

Ila lile la chembe nyeupe si bahati nasibu, na hapa ndipo daktari alipovuta kiti. Alinieleza kwamba juu ya chembe nyekundu za damu kuna kitu kinaitwa Duffy. Ni jina la ukoo wa mgonjwa ambaye kupitia damu yake kiligunduliwa, mwaka 1950. Malaria ya aina ya vivaksi hukitumia kama mlango wa kuingilia. Wengi wetu Waafrika wa kusini mwa Sahara, na baadhi ya watu wa Uarabuni kama Yemen, hatuna mlango huo kwenye chembe nyekundu, tumerithi bila huo. Malaria ya aina nyingine, falsiparumu, ambayo ndiyo inatusumbua zaidi huku, inapita kwingine, kwa hiyo chandarua kiko pale pale. Urithi huo huo unafanya neutrofili zionekane chache kwenye damu inayozunguka, na anayekuwa nazo hivyo haugui zaidi ya wengine, kwa sababu uboho unazitengeneza vizuri na mwili ukizihitaji zinapatikana. Akasema angeogopa kama ningekuwa chini ya 0.5, au kama ningekuwa na 4 mwaka jana na 1.2 leo, au kama ningekuja na homa. Tutarudia baada ya wiki kadhaa, basi.

Nilitoka pale natembea kama niliyetua gunia. Nilinunua machungwa njiani, nikampigia Mama, nikampigia na dada, nikawaeleza Duffy mpaka wakachoka.

Furaha hiyo ilinifikisha Alhamisi usiku. Kwenye kitchen party dada alikuwa amevaa kitenge cha Mama Mdogo, kile cha kahawia, na nilipokiona tu nikalazimika kwenda kusimama nje.

Mnakumbuka 2018. Mama Mdogo anapanda basi kwenda Dar kwa ajili ya dripu za saratani ya titi, anafika, anatolewa damu, anaambiwa chembe nyeupe hazijafika, rudi wiki ijayo. Anarudi. Hazijafika. Tulimnywesha rosela, tukamlisha maini na matembele, tukamlaumu kwamba hali. Yeye akawa anatuomba radhi sisi, kana kwamba anazificha.

Najua dripu zenyewe zinashusha chembe nyeupe. Najua kumpa dawa wakati ziko chini sana kungeweza kumuua, na kwamba waliomrudisha walikuwa wanamlinda. Lakini Mama Mdogo ni tumbo moja na mama yangu. Kama na yeye alizaliwa na 1.2 kama mimi, basi mstari aliokuwa anasubiriwa aufikie hakuwahi kuufikia hata siku alipokuwa anacheza netiboli. Hakuwa na faili. Hakukuwa na karatasi ya 2010 ya kulazwa mezani kando ya ile ya Dar, ili mtu aseme, mama, hii ndiyo damu yako. Hakuna atakayeniambia sasa kama kulikuwa na tofauti yoyote.

Nimeamua Mama apimwe mwezi huu akiwa mzima, na dada, na Zuhura akifunga shule, na karatasi zao zikae kwenye faili na picha zake kwenye simu. Daktari amenishauri niwe naitaja hali yangu popote nitakapotibiwa, hasa kabla ya dawa nzito. Na yule kijana nitamwona nikienda kurudia. Nataka nimwambie kwa heshima kwamba swali lile asilitoe mpaka awe na daktari wa kulimalizia siku hiyo hiyo.

Baba Zuhura amepiga mchana kutoka Tunduma. Foleni ya mpakani haijasogea tangu juzi, mzigo ni vitunguu, mvua imeanza huko, na turubai la nyuma tuliloongea libadilishwe tangu Mei ni lile lile.