Bei ya gari la spoti la zamani hushuka, bili ya fundi haishuki

Jaguar E-Type, gari la spoti la Uingereza, ilipozinduliwa Geneva Machi 1961, vijana wa wakati ule waliibandika picha yake ukutani. Walipofika umri wa kuwa na pesa zao, ndio haohao walioipandisha bei. Sasa wengi wao wanauza, au warithi wao ndio wanaouza, na mnunuzi wa miaka 45 anayeingia mnadani anaitazama, anakubali kwamba ni nzuri, kisha anakwenda zake kukagua Nissan Skyline iliyo mstari wa pili.

Hapo ndipo wengi wanapoona nafasi. E-Type ya kawaida imepoa bei, basi ichukuliwe haraka kabla haijapanda tena! Tatizo ni kwamba bei ya gari inafuata hamu ya watu, ilhali gharama ya kulitengeneza inafuata saa za fundi na bei ya vipuri, na hivyo havina habari kwamba kizazi kimebadilika.

Tuiangalie hiyo E-Type kwa karibu. Sehemu ya kati ya bodi ni boksi la bati lililochomelewa, na mbele yake zimefungwa kwa bolti fremu za mabomba membamba zinazobeba injini na sospensheni. Mabomba hayo huoza kwa ndani, kwa hiyo nje unaona rangi safi na ndani kuna unga wa kutu. Yagonge taratibu kwa kinyundo na usikilize: bomba zima linalia, lililooza linatoa mlio uliokufa. Boneti ni kipande kimoja kikubwa chenye madigadi yake, na kuipanga mpaka mwanya wake na milango uwe sawa pande zote ni kazi inayokula siku. Breki za nyuma hazipo kwenye magurudumu. Zimekaa katikati, ubavuni mwa difu, na kubadilisha diski zake kwa kawaida ni kushusha sospensheni yote ya nyuma. Oili ikivuja kwenye sili ya nyuma ya krankishafti, injini na giaboksi hutoka pamoja. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi iliyopungua bei kwa sababu gari limepungua bei.

Kwa hiyo ushauri kuhusu magari ya kizazi kinachoondoka ni huu: nunua lililokwisha kutengenezwa vizuri na mtu mwingine. Yeye alilipa bili ambayo soko halimrudishii. Dai ushahidi lakini, na ushahidi wenyewe ni picha za bodi ikiwa chuma kitupu kabla ya rangi, pamoja na risiti zenye namba ya chesisi. Picha za gari linalong'aa juani hazikuambii kitu. Lile gari "linalohitaji kazi kidogo tu" kwa nusu ya bei ndilo ghali kuliko yote, na litabaki kuwa hivyo mpaka bei ya magari mazima ipande tena, jambo ambalo huenda lisitokee.

Kuna kanuni inayorudiwa sana: mtu akiwa na miaka 40 au 50 hununua gari alilolitamani akiwa na 15. Ni kweli, ila haielezi kwa nini mengine hubaki na thamani baada ya wapenzi wake wa kwanza kuondoka. Juu kabisa jibu ni rahisi. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu, kati ya 1962 na 1964, na moja iliuzwa Monterey mwaka 2018 kwa dola milioni 48.4. Mercedes-Benz 300 SLR ya 1955, ile inayoitwa Uhlenhaut Coupé, iliuzwa Mei 2022 kwa euro milioni 135. Magari ya daraja hili yameshatoka kwenye mambo ya kumbukumbu za ujana. Yananunuliwa kama picha za wachoraji wakubwa zinavyonunuliwa. Kizazi kikibadilika hayatikisiki. Yanayotikisika ni ya katikati, yale yaliyotengenezwa kwa maelfu na kubebwa na mapenzi ya rika moja.

Huko katikati kinachookoa gari ni vipuri na urahisi wa kuliendesha. MGB, gari dogo la spoti la Uingereza lililotengenezwa 1962 hadi 1980, ni gari la wazee kwa kipimo chochote, lakini kampuni ya British Motor Heritage wanatengeneza bodi mpya nzima tangu 1988, vipuri vipo tele, na fundi yeyote mwenye spana za inchi anaimudu. Haipandi bei kwa kasi, wala haifi. Linganisha na MG TC ya 1945 hadi 1949: chini ya bati lake kuna fremu ya mbao, hivyo milango ikianza kulegea unatafuta seremala kabla ya fundi magari. Kijana aliyekulia kwenye magari yenye usukani laini akiiendesha mara moja inamtosha.

Kabla ya kusema kizazi kimebadilika, hakikisha si pesa zilizobadilika. Enzo Ferrari alipofariki Agosti 1988, bei za Ferrari zilipaa, na mwanzoni mwa miaka ya 90 zikaanguka. Hakuna rika lililozeeka ndani ya miaka ile michache. Walanguzi waliingia kwa mikopo, kisha wakatoka. Kadhalika kupoa kwa soko baada ya 2022 kulikuja wakati riba zinapanda. Namna ya kutofautisha ni kuangalia mnada mmoja kwa jumla. Kama magari ya rika zote yameshuka pamoja, hizo ni pesa. Kama ya miaka ya 50 yanashuka huku ya miaka ya 90 yanapanda siku ileile, ukumbi uleule, hayo ni mapenzi yamehama.

Mapenzi yakihama hayachagui gari jingine tu, yanakuja na vipimo vingine vya uzuri. Zamani gari la kushinda maonyesho lilikuwa lile lililopakwa rangi upya mpaka linang'aa kuliko lilivyotoka kiwandani. Siku hizi rangi ya kiwanda yenye mikwaruzo midogo inaweza kuongeza bei, na ndiyo maana kipimo cha unene wa rangi kimekuwa kifaa cha lazima. Kwa magari mengi ya miaka ya 80 na 90, mikroni 100 hadi 150 ni rangi ya kiwanda, ikikaribia 300 imerudiwa, ikipita 1,000 kuna fila, yaani kijazio cha kuficha mabonde, chini yake. Pima kila paneli sehemu tano au zaidi, na usisahau nguzo za milango, maana huko hakuna anayepaka rangi bila sababu. Kwa bodi ya alumini kama ya Honda NSX ya kwanza, hakikisha kipimo chako kinasoma alumini. Vile vya sumaku pekee havisomi kitu.

Badiliko kubwa kuliko yote liko kwenye giaboksi. Ferrari 599 GTB ilipotoka, wanunuzi walikimbilia gia za kompyuta zinazobadilishwa kwa vidole nyuma ya usukani, zile za kisasa. Zenye gia za mkono zilitoka kama 30 tu. Leo hizo chache ndizo zinazogombewa, ingawa kwa saa ya mbio ni za polepole zaidi. Kizazi kinachonunua sasa kinaona kasi kila mahali, hata kwenye magari ya umeme ya familia. Kinachokosa ni kazi ya mikono na miguu. Matokeo yake kuna watu wanaozibadilisha Ferrari F430 na 599 kutoka gia za kompyuta kwenda za mkono. Kazi ikifanywa vizuri gari linaendesheka safi kabisa, lakini si gari lilelile sokoni. Pata uthibitisho wa kiwanda kwa namba ya chesisi kwamba lilitoka na gia za mkono, na ulipie kulingana na karatasi hiyo.

Sasa tuje kwa yanayopanda, yaani ya Japani ya miaka ya 90. Yalipendwa bila kuonekana. Mtoto wa Marekani aliyecheza Gran Turismo kwenye PlayStation mwishoni mwa miaka ya 90 aliiendesha Skyline GT-R mamia ya mara kwenye skrini bila kuiona barabarani, kwa sababu haikuuzwa kwao. Sheria ya huko inaruhusu gari lisilotimiza masharti ya usalama ya Marekani kuingizwa likifikisha miaka 25, na hesabu huanza mwezi lilipotengenezwa. Skyline GT-R ya toleo la R32, ya 1989, ilifunguka 2014. Ya toleo la baadaye, R34 GT-R, ya kwanza ikiwa ya Januari 1999, ilifunguka Januari 2024. Anayesubiri tarehe ifike ndipo anunue amechelewa: wafanyabiashara hununua miaka kadhaa kabla na kuyahifadhi, kwa hiyo tarehe ikifika bei imeshapanda. Uhaba nao una nafasi yake. R32 GT-R zilitoka zaidi ya 40,000, R34 GT-R kama 11,500.

Kwa kizazi hiki kinachopanda ushauri unageuka. Hapa usitafute lililotengenezwa upya, tafuta lisiloguswa, kwa sababu karibu yote yaliguswa. Turbo za kiwanda za R32 GT-R zina gurudumu la seramiki upande wa eksozi. Kiwanda kilizuia msukumo wa hewa ya turbo usifike bar 1. Vijana wakauongeza, seramiki ikavunjika, na gari likawekewa turbo nyingine, kisha eksozi nyingine, kisha kompyuta nyingine. Si dhambi, ila muulize muuzaji ziko wapi sehemu zilizotolewa: kompyuta ya injini, boksi la filta ya hewa, rimu, viti, usukani, eksozi. Boksi moja la vitu hivyo gereji linaweza kuwa na thamani kuliko mabadiliko yote yaliyofungwa garini. Mita nayo itazame. Ya kiwanda inaishia 180. Ukikuta ya Nismo, kitengo cha mbio cha Nissan, inayopita 300, kilomita zinazosomeka ni za mita hiyo, si za gari, mpaka karatasi za zamani za sevisi au za mnada zithibitishe vingine. Kisha kutu: mahali pa kupigia jeki chini ya milango, sakafu ya buti, na kwenye R33 na R34 vichwa vya shokomzoba za mbele chini ya boneti, ambako bati hutuna chini ya rangi.

Toyota Supra ya 1993 kuendelea ina mtego wake. Zilizotoka bila turbo ni nyingi, na injini yenye turbo, 2JZ-GTE, inaingia bila taabu kubwa. Soma kibao cha chesisi kwenye ukuta wa injini, uone kama kinataja giaboksi ya V160 ya gia sita. Giaboksi hiyo peke yake ni mali.

Mazda RX-7 ya mwisho, FD, ina injini ya rotari, yaani ya rota zinazozunguka badala ya pistoni, na haipimwi kwa kipimo cha kawaida cha kompresheni. Kila rota ina vyumba vitatu, na kipimo cha kawaida kinakupa kilicho juu tu na kuficha kibovu. Tafuta kifaa maalumu cha rotari, pima injini ikiwa moto, betri imejaa, na urekebishe usomaji uwe wa mizunguko 250 kwa dakika. Chini ya 7 kg/cm², au tofauti ya zaidi ya 1.5 kati ya vyumba vya rota moja, hesabu injini mpya ndani ya bei. Muuzaji akikataa kipimo hicho, umeshapata jibu.

Ugonjwa ambao mafundi wa kabureta hawakuujua ni wa kapasita. Kompyuta za injini za Mitsubishi za miaka hiyo, na za baadhi ya wengine, zina kapasita zinazovuja na majimaji yake hula njia za shaba kwenye bodi. Dalili ni injini kuhangaika gari likiwa limesimama, kisha kugoma siku moja bila onyo. Fungua kisanduku, nusa: harufu ya samaki waliooza ndiyo hiyo. Kubadilisha kapasita mapema ni kazi ndogo ya kulehemu. Kupata kompyuta nzima baada ya bodi kuliwa ni habari nyingine.

Porsche 911 ya toleo la 996 imo katikati ya makundi haya mawili. Ilichukiwa kwa taa zake na kwa kupozwa na maji baada ya toleo la 993, la mwisho kupozwa kwa hewa, kuisha 1998, na kwa miaka mingi ilikuwa 911 ya bei nafuu kuliko zote. Waliokuwa watoto ilipotoka hawana kinyongo hicho, na wameanza kuitaka. Hofu yake ni beringi ya shafti ya kati kwenye injini ya M96. Kata filta ya oili na tafuta chembe za chuma. Ingiza kamera kwenye matundu ya plagi uangalie mikwaruzo ya silinda. Beringi hubadilishwa giaboksi ikiwa imeshushwa kwa ajili ya klachi, kwa hiyo risiti ya klachi isiyotaja beringi inahitaji maswali. Matoleo ya 996 ya Turbo na GT3 yana injini nyingine isiyo na tatizo hilo.

Mwisho tazama kiwanda chenyewe. Nissan walianza kutoa tena vipuri vya R32 GT-R kupitia Nismo mwaka 2017. Toyota walifuata na vya Supra kuanzia 2020. Kabla ya kulipa amana, andika vitu kumi ambavyo gari hilo litavihitaji, kuanzia raba za milango, taa na nyaya za injini, kisha uviulizie kimojakimoja kwa namba ya kipuri. Visivyopatikana vikizidi vitatu, ongeza bei ya gari la pili la kutolea vipuri kwenye hesabu yako.