Njoo mikono mitupu

Kila mara kuna mtu ananitumia ujumbe: "Nataka kuanza kucheza vita vya visanamu mezani, ninunue nini?" Jibu langu halibadiliki. Usinunue kitu. Njoo hotelini tunapochezea Jumapili saa nane, agiza chai, ukae.

Sisemi hivyo kwa ukarimu. Nimeona mchezo huu unavyofia mikononi mwa watu hapa Nairobi. Jamaa anatazama video za Warhammer 40,000, mchezo mmoja wa aina hii, anajinyima, anaagiza jeshi la visanamu kutoka Uingereza, analipa usafiri na ushuru, halafu anakaa nalo nyumbani Donholm bila mtu wa kupigana naye. Mwishowe analiuza kwa bei ya kutupa. Mchezo wenyewe si mbaya, umekuwepo tangu 1987, lakini mechi ya majeshi makubwa, pointi 2,000 kila upande, inaweza kula saa tatu na zaidi, na huwezi kumwomba mtu aliyekuja kula chapati akupe saa tatu zake.

Kwa hiyo mimi hubeba majeshi mawili. Moja langu, lingine la yeyote atakayeketi mbele yangu. Ni madogo, visanamu kumi hivi kila upande, na tunafuata kanuni za One Page Rules. Zile za msingi zinapakuliwa bure, wala hazijali visanamu vyako vilitoka wapi. Unasogeza kikosi kimoja, mwenzako naye anasogeza chake, zamu kwa zamu, kwa hiyo hakuna anayekaa akichezea simu. Ukitembea inchi sita unaruhusiwa kupiga risasi. Ukikimbia unapata kumi na mbili lakini bunduki inanyamaza. Raundi nne, mchezo umeisha. Mgeni anashika haya yote kabla chai haijapoa.

Vifaa navyo vipo mjini, mradi ujue pa kuvitafuta. Mimi ni fundi simu Luthuli Avenue, kwa hiyo kioo cha kukuzia na mkono usiotetemeka ninavyo kwa sababu ya kazi. Majirani wanaouza televisheni hutupa lile povu jeupe la kufungashia, nami nalikata kuta na magofu. Washa za chuma za Kirinyaga Road, zile pete bapa za kuwekwa chini ya nati, ndizo vitako vya kusimamishia wanajeshi wetu; zina uzito, hazianguki meza ikigongwa. Kopo la rangi nyeusi isiyong'aa, ile mafundi wa magari hupulizia bampa, linatosha kikosi kizima. Ila usiipulize moja kwa moja kwenye povu, italiyeyusha ubaki na kitu kama jibini lililoliwa na panya. Kwanza pakaza gundi ya mbao iliyolegezwa kwa maji, nyunyiza mchanga, acha ikauke vizuri, ndipo upulize. Wanajeshi wengine tunawaokota kwenye mafungu ya vitu vya kuchezea vya mitumba Gikomba. Mmoja alikuja bila kichwa. Tukampa cha dinosau, na sasa ndiye kamanda.

Dada mmoja anayesomea usanifu majengo alitutengenezea mtaa kamili wa Eastlands: gorofa lenye nguo zilizoanikwa, kibanda cha mabati, tangi la maji juu ya paa. Kila mwenye mdunguzi, yule askari wa kulenga kutoka mbali, anakimbilia tangini. Tumeshalizoea hilo, na adui pia, kwa hiyo tangi ndilo mahali pa hatari kuliko pote mezani.

Kupata ukumbi ndiko kulikonitoa jasho. Mwenye hoteli tunayochezea aliona dadu akasema hapana, hapa hakuna kamari. Nilimwelewa kabisa. Hapa mtu akiona dadu na watu wanapiga kelele, anajua kuna mshahara unaliwa. Tukakubaliana: hakuna shilingi mezani, hata dau la soda, na kila anayeketi anaagiza kitu. Mtu akisema "anayeshindwa analipa," anaonywa mara moja tu. Saa nane tuliichagua kwa sababu kanisa limekwisha na hoteli haina wateja, na tunafunga mapema watu wa Rongai wapate matatu kabla nauli haijapanda. Wakati mwingine hakuna anayekuja. Napanga meza hivyo hivyo, nacheza pande zote mbili, mhudumu ananicheka.

Siku moja kama hiyo aliingia mzee anayecheza drafti kwa vizibo nje ya hoteli. Akasimama kwanza, mikono nyuma.

"Kijana, huyu anakula vipi?"

"Kwa dadu, Mzee. Huyu anahitaji nne kwenda juu."

"Na akila, anaruka?"

"Haruki. Anabaki alipo."

"Basi kingi ni nani?"

Nikamwonyesha mwenye kichwa cha dinosau. Akacheka, akaketi. Hakuuliza bunduki ipi ina nguvu, swali la kwanza la vijana wote. Aliuliza alama za kushikilia, zile zinazoamua mshindi, ziko wapi. Akaweka watu wawili kwenye uchochoro kati ya kibanda na gorofa, nami nikapoteza raundi mbili nikijaribu kupita. Raundi ya mwisho akakimbiza kisanamu nilichokuwa nimekisahau, inchi kumi na mbili, kikasimama ndani ya inchi tatu za alama yangu, umbali unaotosha kuigombea. Alama inayogombewa haina mwenyewe. Yake ilikuwa salama, akashinda. Wenzake wa drafti waliojazana mlangoni walinizomea kama mgombea aliyeangushwa. Sasa huja mara kwa mara, ila kupaka rangi hataki kabisa. Anasema hiyo ni kazi ya vijana.

Kuna mama aliyemsindikiza mwanawe wa sekondari akaniuliza kama huu si mchezo wa watoto. Nilimweleza kwamba maofisa wa Prussia walikuwa wakijifunzia vita mezani kwa dadu na ramani tangu 1824, na kwamba mwandishi H. G. Wells alichapisha kanuni za kuchezesha askari wa bandia sakafuni mwaka 1913. Hakushtushwa na hayo. Alichotaka kujua ni saa ngapi tunamaliza na nani mtu mzima hapo. Nikamwonyesha Mzee, akaridhika.

Jumapili hii tunajaribu meza yenye mto katikati na madaraja mawili. Rangi nyeusi imeniishia, kwa hiyo atakayepitia Kirinyaga Road kabla ya hapo anichukulie kopo moja, isiyong'aa tafadhali, nitamrudishia kwa M-Pesa.