Alama mbili za kifungu cha 11

Mwaka wa masomo 2016/2017, testi ya pili ya Sheria na Maadili ya Biashara kwa wanafunzi wa stashahada ilikuwa na swali moja lenye sehemu mbili. Sehemu (a) alama 20, sehemu (b) alama 10; jumla 30, zikigawanywa kwa mbili zinakuwa 15 za kosiweki. Kosiweki nzima ni 40: testi ya kwanza 15, ya pili 15, asaimenti ya kundi 10. Zile 60 zilizobaki ni za mtihani wa mwisho. Kwa kanuni za chuo chetu, asiyefikisha 20 kati ya 40 haingii kwenye mtihani. Kwa hiyo alama mbili za testi, ambazo kwenye kosiweki ni moja tu, zilitosha kumfanya mtu arudie somo na kulipia ada upya.

Swali lilikuwa hivi. Kijana wa miaka 17, bado amevaa sare za shule, anaingia duka la simu Kariakoo. Anachukua simu ya shilingi 480,000, anatanguliza 120,000, na anakubali kumalizia kwa miezi sita, 60,000 kila mwezi. Kwenye fomu anaandika ana miaka 19. Baada ya mwezi mmoja anaacha kulipa. Sehemu (a): mshauri mwenye duka. Sehemu (b): jadili mwenendo wa mwenye duka kimaadili.

Siku ya kusawazisha alama tulikaa wasahihishaji watatu na mkuu wa idara, kila mmoja na nakala ya skimu, yaani mwongozo wa majibu na mgawanyo wa alama. Utaratibu ni kwamba kabla hujaanza bunda lako, wote mnasahihisha skripti (vitabu vya majibu) zilezile chache bila kuonyeshana: moja inayoonekana nzuri, moja dhaifu, na kadhaa za katikati. Zikipishana kwa zaidi ya alama 3, mnasimama na kutafuta sababu. Mara nyingi sababu ni uchovu au mwandiko. Safari hii skripti moja, kwa sehemu (a), ilipewa 9 na msahihishaji mmoja na 15 na mwingine, na sababu ilikuwa ndani ya skimu.

Sehemu (a) ilifuata hatua nne tunazowafundisha: kutaja hoja 2, kanuni ya sheria 6, uchambuzi 9, hitimisho 3. Chini ya kanuni, skimu ilisema mkataba wa mtoto "unaweza kubatilishwa kwa hiari yake", yaani unasimama mpaka yeye aukatae, na ikataka kesi ya Nash dhidi ya Inman ya 1908, ile ya mwanafunzi wa Cambridge na vizibao 11 vya fundi cherehani wa Savile Row. Ilikuwa imerithiwa kutoka miaka ya nyuma, na ilinukuliwa kwenye kitabu cha Uingereza kilichoandikwa kwa wanafunzi wa huko.

Mwenye skripti ile alikuwa ameandika kama skimu inavyotaka, akakata kwa mstari mmoja ulionyooka, na pembeni akaandika: batili, kifungu cha 11(2). Yaani kwa Sheria ya Mikataba, hapakuwa na mkataba tangu mwanzo. Msahihishaji aliyefuata skimu neno kwa neno alimnyima alama za athari ya mkataba, kisha akamnyima karibu zote za uchambuzi, maana uchambuzi wake ulijengwa juu ya ubatili.

Mkuu wa idara akatoa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345 ya sheria za Tanzania. Kifungu cha 10 kinataka wahusika wawe na uwezo wa kuingia mkataba. Kifungu cha 11(1) kinasema mwenye uwezo ni aliyetimiza umri wa utu uzima, mwenye akili timamu, na asiyezuiwa na sheria nyingine. Kifungu kidogo cha pili kinamaliza kazi: makubaliano ya asiye na uwezo huo ni batili. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto.

Mwenzetu mkubwa kwa umri hakukubali upesi. "Mwalimu, sisi tulirithi sheria ya Uingereza," alisema, "na Waingereza wanasema unaweza kubatilishwa."

"Shikamoo kwanza, mzee wangu," mkuu wa idara akamjibu, na chumba kizima kikacheka. "Tuliirithi, lakini mpaka pale ambapo hatuna sheria yetu iliyoandikwa."

Huo ndio mzizi wa tatizo, na unaota kila mwaka kwenye somo hili. Sheria ya Uingereza inayotokana na maamuzi ya mahakama (common law) iliingia Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na inasimama nyuma ya sheria iliyotungwa na Bunge. Sheria yetu ya mikataba ilitungwa kwa kufuata ile ya India ya 1872, hata namba za vifungu vingi zinafanana. Kesi inayofaa hapa basi ni Mohori Bibee dhidi ya Dharmodas Ghose ya 1903: kijana wa Calcutta aliweka nyumba rehani kwa mkopo wa rupia 20,000, na Baraza la Faragha, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, likaamua kwamba mkataba wa mtoto ni batili kabisa. Tena hata hao Waingereza, tangu 1874 mpaka 1987 walikuwa na sheria iliyobatilisha mikataba ya watoto ya mikopo na ya bidhaa zisizo za lazima. Kitabu kile kilieleza hali ya baada ya hapo.

Mzee alipata ushindi wake mahali pengine. Skimu haikuwa na neno juu ya kijana kudanganya umri, na yeye ndiye aliyeleta Leslie dhidi ya Sheill ya 1914, ambako kijana alidanganya umri akakopeshwa pauni 400 na mkopeshaji akashindwa kurudishiwa. Ni ya kabla ya 1920, na inachora mpaka vizuri: kurudisha kitu chenyewe kikiwa bado kipo ni jambo moja, kulazimishwa kulipa thamani yake ni jambo lingine, maana hapo unatekeleza mkataba batili kwa mlango wa nyuma.

Skimu ikaandikwa upya palepale. Kanuni: vifungu vya 10 na 11 alama 2, athari yake alama 2, mahitaji ya lazima chini ya kifungu cha 68, kinachomruhusu aliyempa mtoto mahitaji hayo kulipwa kutoka mali yake, alama 2. Uchambuzi ukagawanywa tatu tatu tatu: umri na uongo, kama simu ni hitaji la lazima linalolingana na maisha ya kijana, na mwenye duka apate nini. Kwenye la kwanza tulitaka mtu aione sare. Muuzaji aliyeiona hawezi kusema kwa urahisi kwamba alidanganyika, kama wakala wa mkopeshaji wa Calcutta ambaye naye alijua umri wa mkopaji. Kwenye la pili wengi waliandika "simu ni muhimu siku hizi" wakaishia hapo. Hiyo ni alama 1. Alama 3 zilikwenda kwa aliyeuliza kama kijana tayari ana simu nyingine na kama ya bei hiyo inamfaa, halafu akakumbuka kwamba kifungu cha 68 humfikisha mdai kwenye mali ya mtoto tu.

Na walioandika "unaweza kubatilishwa" kwa sababu ndivyo walivyokuta kwenye madesa? Walikosa zile 2 za athari, basi. Kosa moja hukatwa mara moja. Kama uchambuzi uliofuata ulikuwa na mantiki, ulipata alama zake. Msahihishaji asiyejua hili humwadhibu mtu mara tatu kwa kosa lilelile na kujiona mkali.

Sehemu (b) haikuleta ugomvi, ilichosha tu. Alama 2 za kutaja walioguswa, 4 za kutumia nadharia moja, wajibu au manufaa ya wengi, 4 za uamuzi unaojibu pingamizi. Kurasa nzima zilihubiri kwamba uaminifu ni mzuri bila kumgusa muuzaji. Skripti iliyopata 9 ilikuwa na aya tatu fupi: sheria inamwondolea kijana deni, lakini haimpi ruhusa ya kubaki na simu, na muuzaji aliyeona sare akauza kwa mkopo amemtumia mtoto.

Tulisahihisha sehemu (a) ya bunda zima kabla ya kugusa (b), ili jibu zuri la kwanza lisilibebe la pili. Kujumlisha alifanya mtu mwingine, kwa kuwa makosa mengi ya alama hutokea kwenye jalada au kwenye ukurasa wa nyuma uliorukwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuipandisha wala kuishusha nusu alama kabla ya vipande vitatu vya kosiweki kuunganishwa.

Skripti iliyokatwa mstari ilitoka na 16 kwa sehemu (a). Idara ikaagiza kila skimu ya sheria iambatane na fotokopi ya kifungu chenyewe, na muhula uliofuata alama 1 iliondolewa kwenye hitimisho ikapelekwa kwenye mahitaji ya lazima.