Leo nimeisikiliza albamu ya kwanza ya Black Sabbath yote

Jamani nimevua hedifoni sasa hivi na moyo bado unanienda mbio.

Miaka yote nilikuwa nazijua nyimbo mbili tatu tu za hii bendi ya roki nzito ya Uingereza, leo nikasema hapana, naanza na ile albamu ya kwanza kabisa, ya Februari 1970, nazima taa nasikiliza yote bila kuruka hata moja.

Inaanza na mvua.

Mvua tu, radi, halafu kengele inalia kwa mbali... unakaa unasubiri. Ndo gitaa linaingia, zito, polepole, noti tatu tu, mwili wote ukanisisimka.

Kilichonimaliza ni vidole vya Tony Iommi, mpiga gitaa wao. Alikuwa kijana wa miaka 17 anafanya kazi kiwandani huko Birmingham, mashine ikamkata ncha za vidole viwili, tena vya mkono uleule anaobania nyuzi! Akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya kuvaa vidoleni, akaendelea kupiga. Sasa ukishajua hivyo kila noti unaisikia tofauti, mimi huo wimbo wa kwanza nimeurudia mara nne nawaza vile vidole tu.

Na karibu albamu nzima waliirekodi siku moja, Oktoba 1969, wanapiga wote pamoja kama wako jukwaani. Siku moja!

Wewe je, albamu gani ya kwanza ya bendi ilikushika hivi? Nitajie hapo chini, usiku huu silali nasikiliza zote.