Shingo ilivyoacha kuniuma mezani

Kila jioni shingo ilikuwa inakaza, na kubadilisha kiti hakukusaidia kitu. Shida ilikuwa kioo cha laptop: kiko chini, kichwa kinainama muda wote. Nikaipandisha juu ya vitabu vinene mpaka ukingo wa juu wa kioo ukalingana na macho, umbali wa mkono ulionyooshwa. Hapo sharti uwe na kibodi na kipanya vya kuunganisha, tofauti na vya laptop yenyewe, la sivyo mabega ndiyo yatakayoumia. Viwiko vikunjike nyuzi 90 hivi. Meza yangu iko juu kidogo, kwa hiyo nilipandisha kiti, miguu ikaning'inia. Boksi gumu chini ya nyayo likamaliza hilo. Meza nimeigeuza, dirisha likawa ubavuni, mwanga haupigi tena kioo. Nyaya nimezifunga mguuni mwa meza.